Kivuli kwenye picha ya kifua: siku 18 za Louis Washkansky

Louis Washkansky alifariki asubuhi ya tarehe 21 Desemba 1967, katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Moyo uliokuwa kifuani mwake ulikuwa wa Denise Darvall, msichana wa miaka 25, na ulikuwa umedunda humo kwa siku 18. Maiti ilipofanyiwa uchunguzi, moyo ulikutwa mzima. Mishono ilikuwa imeshika, na misuli ilikuwa na dalili ndogo tu za kukataliwa na mwili. Kilichomuua kilikuwa jirani yake: mapafu yote mawili yalikuwa yamejaa nimonia ya bakteria.

Dunia inakikumbuka kisa hiki kwa jina la daktari mpasuaji, Christiaan Barnard, na kwa picha zake magazetini. Mimi nakirudia kwa sababu nyingine. Ukikisoma kwa upande wa dawa, utaona kwamba dawa za kushusha kinga zilifanya kazi yake barabara: ziliwazuia walinzi wa Washkansky wasiushambulie moyo wa Denise. Kisha dawa hizohizo zikaziangusha seli nyingine, zile za kupambana na bakteria, na juu ya hapo zikapinda kila kipimo ambacho madaktari walikitegemea ili wajue kinachoendelea. Hili la mwisho ndilo hupitwa haraka, nami ndilo ninalotaka kukaa nalo.

Usiku wa kuamkia Jumapili

Washkansky alikuwa mwenye duka, mtu wa makamo, aliyezaliwa Lithuania na kuletwa Afrika Kusini akiwa mtoto. Alikuwa na kisukari. Alikuwa ameshapata mshtuko wa moyo mara tatu, na misuli iliyobaki haikuweza tena kusukuma damu ya kutosha. Maji yakamjaa miguuni, pumzi ikawa ya kugombania. Barnard alimwambia mkewe, Ann, kwamba uwezekano wa kufanikiwa ni asilimia 80. Takwimu hiyo haikuwa na mguu wa kusimamia, kwa kuwa hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kupandikizwa moyo wa binadamu mwenzake.

Jumamosi tarehe 2 Desemba, Denise na mama yake walisimama kununua keki katika kitongoji cha Observatory. Wakivuka Main Road wakagongwa na gari. Mama alikufa. Denise alifikishwa Groote Schuur, ubongo wake ukiwa umeumia kiasi cha kutorudi. Baba, Edward Darvall, mtu aliyekuwa amepoteza mke na binti katika jioni moja, aliombwa moyo wa mwanawe akakubali. Makundi ya damu yalipatana. Upasuaji ulianza baada ya saa sita za usiku, na Jumapili tarehe 3 kukipambazuka moyo ulikuwa unapiga mahali papya. Upasuaji wenyewe siuelezi, umeshaelezwa sana.

Nani hasa anaukataa moyo

Tumezoea kuambiwa kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Mfano huo unatosha bango la zahanati. Kwa kisa hiki unapotosha, maana unatufanya tudhani kuna jeshi moja lenye amri moja. Ndani ya Washkansky kulikuwa na makundi yasiyofanana kwa kazi, kwa umri, wala kwa namna ya kuzaliwa, na kila dawa iliyagusa kwa njia yake.

Kuna neutrofili. Uboho wa mifupa huzitengeneza kwa mabilioni kila siku, na zikishaingia kwenye damu maisha yao ni ya saa kadhaa hadi siku chache. Hazina kumbukumbu. Zinafuata harufu ya bakteria, zinambugia, zinakufa. Usaha unaotoka kwenye jipu, kwa sehemu kubwa, ni mizoga yao. Karibu nazo kuna makrofaji, wazoazoa wa kudumu wanaokaa ndani ya viungo, yakiwemo mapafu, ambako hufagia kila kinachoingia na hewa.

Kisha kuna limfosaiti, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana faida. Ile CD4 iliyokuwa ikiandikwa kwenye kadi ya kliniki ya CTC, ya wanaoishi na VVU, ni hesabu ya limfosaiti za aina moja, seli T zinazosaidia na kuamrisha nyingine. Wenzao, CD8, ndio wauaji wa moja kwa moja. Halafu kuna seli B, zinazotengeneza kingamwili. Tuliosikia habari za UKIMWI tangu utotoni tunajua CD4 zikiisha mtu anakuwaje. Mtu aliyepandikizwa kiungo anashushwa huko kwa makusudi, kwa kipimo, na daktari akiomba Mungu asivuke mstari.

Kinachozichokoza seli hizi ni chapa. Karibu kila seli ya mwili ina protini juu yake ziitwazo HLA, ambazo ni kama chapa ya ng'ombe: nusu tumerithi kwa baba, nusu kwa mama, na kukuta watu wawili wasio ndugu wenye chapa zinazofanana ni nadra mno. Moyo wa Denise uliingia na chapa za ukoo wa Darvall. Tena haukuja peke yake. Ndani ya misuli kulikuwa na abiria, seli za dendriti, ambazo kazi yao ya kawaida ni kuokota mabaki na kuyapeleka kwenye tezi za limfu ili yakaguliwe. Moyo ulipoanza kupiga, abiria hao wakaanza safari kuelekea tezi za Washkansky, chapa zao nje nje.

Huko seli T haziripuki hovyo. Seli T inahitaji kwanza kuiona chapa ngeni kwa kipokezi chake. Pili, inahitaji idhini kutoka kwa seli inayomwonyesha chapa hiyo. Bila idhini hiyo hupooza badala ya kuamka. Tatu, inahitaji ujumbe wa kuitana, hasa interleukini-2, unaoiambia: gawanyika. Ikishagawanyika, moja inakuwa maelfu ndani ya siku chache, na maelfu hayo yanaondoka kwenye tezi kwenda kuutafuta moyo. Mwili usiotibiwa huchukua takriban wiki moja kufika hapo. Weka akilini muda huo.

Jambo moja la historia ni rahisi kulisahau. Majina seli T na seli B, ambayo leo mwanafunzi wa kidato cha sita anayakariri, Desemba 1967 hayakuwa bado yametumika. Jacques Miller alikuwa ameonyesha mwaka 1961 kwamba panya akiondolewa tezi ya thaimasi mapema hawezi kukataa ngozi aliyobandikwa, lakini ramani ya nani anafanya nini ilikuwa bado inachorwa. Timu ya Cape Town ilijua limfosaiti ndizo zinazokataa viungo. Haikuwa na dawa yenye uwezo wa kuzichagua.

Dawa nne kwenye mwili mmoja

Azathioprini, ambayo wengi waliiita kwa jina la dukani, Imuran, ilitoka kwenye maabara ya Gertrude Elion na George Hitchings huko Marekani. Walikuwa wakitafuta dawa za saratani ya damu, na njia yao ya kubuni dawa ndiyo iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Ni ujanja wa mali bandia. Seli inayotaka kugawanyika lazima kwanza inakili DNA yake, na ili inakili inahitaji malighafi ziitwazo purini. Azathioprini ikiingia mwilini hugeuka kitu kinachofanana na purini lakini sicho. Seli inakichukua, inakijengea ndani ya DNA, na ujenzi unakwama. Limfosaiti iliyokuwa njiani kuzaa maelfu inafia hapo.

Ubaya wake ni kwamba haiulizi ni seli gani inayogawanyika. Uboho, unaofyatua neutrofili usiku na mchana kama watu wanavyofyatua matofali, nao unapewa udongo uleule mbovu.

Steroidi hazisubiri seli igawanyike. Washkansky alipewa haidrokotizoni na predinisoni. Steroidi hupenya hadi ndani ya seli, ikashikana na kipokezi chake, wakaingia pamoja kwenye kiini na kuzima jeni zinazoandika ujumbe wa kuitana: interleukini-1, interleukini-2, TNF na nyinginezo. Limfosaiti nyingi hukimbia kutoka kwenye damu na kujificha kwenye uboho, nyingine hufa. Makrofaji huzembea. Kwa neutrofili hutokea kioja. Idadi yake kwenye damu hupanda, kwa sababu zile zilizokuwa zimejibandika kwenye kuta za mishipa zinaachia na kuelea. Ukizihesabu ni nyingi, lakini haziwezi kutoka kwenda kwenye bakteria walipo. Ni kama foleni ya daladala stendi, ambapo magari yamejaa na abiria amekwama barabarani. Steroidi pia hupandisha sukari, na mgonjwa huyu tayari alikuwa na kisukari, na hushusha homa.

Aktinomaisini C ilitoka kwa bakteria wa udongoni. Yenyewe huganda kwenye DNA ili isisomeke, na hupiga zaidi seli zenye haraka. Dawa ya nne haikuwa ya kumeza wala ya sindano: mionzi ya kobalti iliyoelekezwa kifuani, kwenye moyo wenyewe, ili kuua limfosaiti zitakazokuwa zimeshaingia. Limfosaiti ni miongoni mwa seli dhaifu kuliko zote mbele ya mionzi. Hufa hata ikiwa imetulia, haijaanza kugawanyika.

Haukuwa mchanganyiko wa kubahatisha. Wapandikizaji wa figo walikuwa wameshautumia kwa miaka kadhaa, na Barnard alijifunza kwao. Mwaka 1966 alikaa miezi kadhaa Richmond, Virginia, kwa mpandikizaji wa figo David Hume, na Oktoba 1967 timu ya Barnard ikapandikiza figo ambayo mgonjwa aliyeipokea aliishi nayo miaka zaidi ya 20. Kwa hiyo walikuwa na sababu ya kujiamini. Ila mtu mwenye figo mbovu anaweza kusubiri akisafishwa damu kwa mashine, dozi zikapunguzwa, hata figo ikapotea mtu akabaki. Mwenye moyo wa kupandikizwa hana pa kurudi.

Chumba, na wiki ya kwanza

Washkansky aliwekwa kwenye chumba cha peke yake kilichosafishwa kwa dawa. Aliyeingia aliingia na barakoa, kofia, gauni na glavu. Wahudumu walipita na vijiti vya pamba, wakichukua sampuli kutoka mwilini mwa mgonjwa, ili maabara ioteshe na kuona ni bakteria gani wapo. Ulinzi huu ulikuwa wa kweli, lakini una tundu ambalo barakoa haiwezi kuliziba: bakteria wengi wanaomuua mtu asiye na kinga ni wale aliolala nao tangu zamani, kwenye koo, kwenye utumbo, kwenye ngozi.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri mno. Moyo mpya ulisukuma damu hadi kwenye figo, figo zikaamka, mkojo ukaja kwa wingi, na uvimbe wa miguu ukaanza kushuka. Mgonjwa alizungumza, akatania, akahojiwa na waandishi wa habari.

Kabla wiki ya kwanza haijapita vizuri, timu iliona dalili ikazisoma kuwa ni mwili unaanza kuukataa moyo. Dozi zikapandishwa. Mgonjwa akapata nafuu.

Tulia hapo kidogo. Huenda kweli lilikuwa wimbi la kwanza la seli T, maana muda unaafiki, na huenda hatua ile ndiyo iliyoukoa moyo. Lakini ilifundisha timu somo moja: ukiona mashaka, ongeza. Na somo lililolipa mara ya kwanza ni gumu kulisahau mara ya pili.

Kivuli

Katikati ya Desemba, wiki ya pili ikielekea ukingoni, picha ya eksirei ya kifua ilionyesha kivuli kwenye mapafu. Mgonjwa alikuwa amedhoofika, kifua kinamsumbua. Kivuli hicho kingeweza kuwa moja ya mambo matatu. Lingeweza kuwa donge la damu lililokwama kwenye mshipa wa pafu. Ingeweza kuwa nimonia. Au lingeweza kuwa kile ambacho wapandikizaji wa figo walikuwa wamekieleza miaka michache kabla: mapafu yanayopata vivuli wakati mwili unakikataa kiungo, bila bakteria yeyote, na yanayosafika steroidi zikiongezwa. Walikuwa na jina lake kabisa, pafu la upandikizaji.

Timu iliegemea upande wa kukataliwa. Dozi za kushusha kinga zikapanda tena. Siku zikapita. Makohozi yalipootesha bakteria na hali ilipokuwa haifichiki, viuavijasumu vilimiminwa, lakini chembe nyeupe zilikuwa zimeshaporomoka. Waliokutwa ni Klebsiella na Pseudomonas, vijidudu viwili ambavyo mtu mzima mwenye neutrofili zake huishi navyo jirani bila hata kujua majina yao. Kiuavijasumu hudhoofisha na kupunguza; anayemaliza kazi ni neutrofili. Hapo mmalizaji hakuwepo.

Naona kuna saa mbili zilizokuwa zinatembea ndani ya mwili huu, na bahati mbaya yake ni kwamba zilipangwa kulia karibu wakati mmoja. Saa ya kwanza ni ya seli T: wiki moja hivi ya kujifunza chapa na kuzaliana, kisha mashambulizi. Saa ya pili ni ya uboho. Azathioprini na aktinomaisini zikizuia uboho leo, damu haionyeshi leo. Neutrofili huchukua siku kadhaa kukomaa, na uboho una stoo ya zile zilizokwisha kukomaa. Stoo inaendelea kutoa mzigo wakati kiwanda kimeshasimama. Damu inaonekana nzuri, tena steroidi inaongezea zilizobanduka kutoka ukutani, na hesabu inapendeza. Kisha stoo inaisha. Kwa hiyo wiki ya pili ndiyo hasa wiki ambayo kukataliwa kunatarajiwa, na ndiyo hiyohiyo ambayo neutrofili za kweli zinaanza kutoweka. Dalili ya hili ikabisha hodi kwenye mlango wa lile.

Sasa chukua vifaa walivyokuwa navyo vya kutofautisha. Homa? Steroidi huifunika. Hesabu ya chembe nyeupe? Steroidi huipandisha, azathioprini huishusha. Namba unayoiona ni jibu la mvutano wa dawa mbili, haikuambii habari za bakteria wala za moyo. Uchovu na kukosa hamu ya kula? Huo upo kwa kukataliwa, upo kwa nimonia, upo kwa mtu aliyepasuliwa kifua wiki mbili zilizopita. Mchoro wa umeme wa moyo ulisaidia kidogo, lakini hubadilika kwa sababu nyingi. Hata picha ya eksirei inahitaji neutrofili ili iseme ukweli: sehemu kubwa ya weupe wa nimonia kwenye picha ni umajimaji na usaha, na mtu asiye na neutrofili hutengeneza usaha kidogo, kivuli chake kikawa hafifu kuliko ugonjwa wenyewe.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosimulia kisa hiki kama kosa la madaktari waliochanganya nimonia na kukataliwa. Kosa lilikuwepo, na uzito wake ni maisha ya mtu. Lakini hawakuwa wazembe wala wajinga. Walikuwa wanasoma saa ambazo mishale yake imepindwa na dawa walizotoa wenyewe. Tena hofu zao hazikuwa sawa. Kama ni kukataliwa na hukutibu, moyo unakufa mbele ya dunia nzima. Kama ni nimonia na ukachelewa siku mbili, unajipa moyo kwamba viuavijasumu vipo. Mtu yeyote angeinamia upande waliouinamia.

Kitu kimoja tu nawalaumu, nacho ni rahisi kukisema kutoka kwenye kiti miaka hii yote baadaye. Kivuli kilikuwa kwenye mapafu. Macho ya wote yalikuwa kwenye moyo.

Ambacho hawakuwa nacho

Kwanza hawakuwa na njia ya kuchungulia ndani ya moyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwenye Chuo Kikuu cha Stanford alikokuwa mpasuaji wa moyo Norman Shumway, Philip Caves alibuni kifaa chembamba kinachopitishwa kwenye mshipa wa shingo hadi chumba cha kulia cha moyo, kikabana vipande vidogo vya nyama na kutoka navyo. Vipande hivyo huwekwa chini ya hadubini. Ukiona limfosaiti zimejipanga katikati ya nyuzi za misuli, na nyuzi zenyewe zinaumia, ni kukataliwa. Usipoziona, kivuli cha mapafu tafutia kwingine. Swali lililomzunguka Washkansky kwa siku kadhaa lingejibiwa kati ya asubuhi na kesho yake.

Pili, hawakuwa na dawa inayochagua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa kampuni ya Sandoz huko Basel walikuta kwamba kuvu aliyetoka kwenye udongo wa uwanda wa Hardangervidda, Norway, anatengeneza kitu kinachotuliza limfosaiti bila kuua uboho. Jean-François Borel ni mmoja wa waliokifuatilia. Roy Calne alikitumia kwa wagonjwa wa figo Cambridge mwaka 1978, na mwaka 1983 Marekani ikakiidhinisha. Ndiyo siklosporini. Inashikana na protini moja ndani ya seli T, na kwa pamoja wanakizuia kimeng'enya kiitwacho kalsinurini. Kalsinurini ndicho kinachomfungulia mjumbe, NFAT, mlango wa kiini ili akawashe jeni ya interleukini-2. Mlango ukifungwa, seli T inaiona chapa, hata idhini inapata, lakini ule ujumbe wa tatu hauandikwi. Haigawanyiki. Uboho huku unaendelea kufyatua neutrofili zake.

Takrolimasi, iliyotokana na bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, hufika kwenye kalsinurini ileile kwa kupitia protini nyingine, na ina nguvu zaidi. Maikofenoleti imechukua nafasi ya azathioprini kwa wengi: yenyewe huziba njia moja ya kutengeneza purini, njia ambayo limfosaiti huitegemea kuliko seli nyingine zilizo na njia ya akiba. Kwa hiyo ni wazo lilelile la Elion na Hitchings, ila limenolewa. Nazo zina bei yake. Kalsinurini ikizuiwa, mishipa midogo ya figo hubana, na dawa ya kuilinda figo iliyopandikizwa ikawa ndiyo inayoichosha taratibu.

Kwetu habari hii si ya mbali tena. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Anayetoka huko na figo ya ndugu yake kwa kawaida anatoka na takrolimasi, maikofenoleti na predinisoloni, na saa ya simu inayolia kila baada ya saa 12. Siku ya kliniki anachukuliwa damu kabla hajameza dozi ya asubuhi, ili kipimwe kiwango cha chini kabisa cha dawa. Wapo wanaosahau, wakameza nyumbani kwanza, kipimo kikapanda cha uongo na dozi ikapunguzwa bila sababu. Miezi ya mwanzo hupewa pia septrini, vidonge vilevile vya kliniki ya CTC, kwa sababu ileile: seli T zikipungua, kuna vimelea wa mapafu wanaongoja mlango uachwe wazi.

Na kuna kifua kikuu. Wengi wetu tunatembea na bakteria wake waliolala, wamefungiwa ndani ya vijumba vya makrofaji vinavyolindwa na seli T. Ukishusha seli T, vijumba vinabomoka. Kisha rifampisini, mhimili wa matibabu ya kifua kikuu, inalichochea ini kuivunja takrolimasi haraka, kiwango kinaporomoka ndani ya siku chache, na figo inabaki bila ngao. Daktari anapandisha takrolimasi maradufu na zaidi, au anabadilisha rifampisini kwa dawa nduguye. Huku kivuli kwenye picha ya kifua cha mtu aliyepandikizwa kikiwa bado ni swali lilelile la Cape Town, na orodha ya majibu ni ndefu zaidi.

Baada ya Washkansky

Siku 12 baada ya kifo hicho, tarehe 2 Januari 1968, timu ileile ilimpandikiza Philip Blaiberg, daktari wa meno, moyo wa Clive Haupt, kijana wa miaka 24. Safari hii maambukizi yaliogopwa kama yalivyostahili kuogopwa. Blaiberg alipewa pia seramu ya kuzipinga limfosaiti, inayotengenezwa kwa kumdunga mnyama seli za binadamu, kisha kukusanya kingamwili zake. Kingamwili hizo huzinata limfosaiti za mgonjwa na kuziondoa kwenye damu. Ilikuwa hatua ya kwanza ya kuchagua nani apigwe.

Mwaka huo wa 1968 hospitali nyingi duniani zilijaribu, mioyo zaidi ya 100 ikapandikizwa, wagonjwa wengi wakafa ndani ya miezi michache, baadhi kwa kukataliwa, baadhi kwa maambukizi, na hospitali nyingi zikaacha.

Blaiberg alitoka hospitalini kwa miguu yake. Aliendesha gari, akapigwa picha baharini akiogelea. Alifariki tarehe 17 Agosti 1969, miezi 19 na nusu baada ya upasuaji. Walipoufungua moyo wa Haupt, mishipa inayoulisha ilikuwa imezibwa kama ya mzee, wakati mwenyewe alikuwa na miaka 24. Hakukuwa na vita ya ghafla pale. Seli chache zilizoponyoka dawa zilikuwa zimeingia kwenye kuta za mishipa, mwezi baada ya mwezi, bila kuleta homa na bila kuacha kivuli.